Chungu cha Makande na Bahari ya Ukodoni

Mwenye kigoda akae, mwenye mkeka atandike, na mwenye haraka zake tusameheane mapema, maana hadithi hii hupikwa kwa moto mdogo. Ni habari za Nakijwa, mwandishi wa vitabu, mtoto wa milimani, na safari yake ya nchi ya Ukodoni. Alifikaje huko? Hilo nalipita. Njia zote ndefu zina vumbi lile lile, na vumbi halina hadithi.

Lakini kwa nini alikwenda, hilo lazima niliseme, la sivyo mtamdhani ni mtu wa kuzurura tu. Nakijwa alikuwa na kitabu kisichotaka kwisha. Kilitokana na ngano ya bibi yake. Mwanamke mmoja wa milimani aliteleka makande, akaona ndani ya nyumba hakuna chumvi hata ya kulamba. Akamwambia mama yake, "Mama, nitazamie chungu, nakwenda kutafuta chumvi, narudi sasa hivi." Akashuka mlima. Bibi akifika hapo alikuwa ananyamaza, halafu anasema, "Na chungu bado kiko motoni," kisha anajifunika shuka. Wajukuu walie, wabembeleze, wapi! Hivyo hivyo miaka nenda miaka rudi, mpaka siku alipojifunika asijifunue tena, na mwisho wa ngano hakumwachia mtu.

Sasa mama yake Nakijwa, Bi Namsifu, alikuwa mgonjwa. Macho yalikuwa yamefifia, na kitanda chake kilikuwa kimehamishiwa jikoni apate joto, kwani baridi ya milimani haina adabu kwa wazee. Alikuwa na ombi moja tu. "Nilizaliwa nikaikuta ngano hiyo haina mwisho," alimwambia bintiye. "Sitaki kuondoka nikaiacha vile vile. Si wewe ndiye mwandishi? Niandikie mwisho, uje unisomee."

Nakijwa akaahidi. Aliandika miisho akaichana. Mwanamke alipata chumvi nyingi akatajirika: haikunoga. Alipotea porini: haikunoga. Aliolewa na mfalme: hapo Nakijwa aliona haya mwenyewe akakitia kile kipande jikoni kuwashia moto. Mwisho wa yote maneno yakamkauka kabisa, akawa anakaa mezani kama mtu anayengoja mgeni asiyemjua. Ndipo akasikia kwamba iko nchi ambayo waandishi hukaa mbele ya bahari, na bahari huwapa maneno bila kinyongo.

"Nenda," mama akamwambia. "Nitakungoja. Si nimelala tu hapa?"

Akaenda, moyo nusu mbele nusu nyuma.

Mpakani Ukodoni hawaulizi jina la mtu wala atokako. Wanataka mshangao. Pale njia inapokunja na bahari ikatokea ghafla, pana kibanda, na ndani ya kibanda hukaa afisa mwenye cheo cha Mpokea Mshangao. Zamani hizo alikuwa Bi Mahadhi, mama mnene mwenye sauti ya kubembeleza. Mwenyewe alikuwa ameelekeza uso baharini, na wageni aliwapokea kwa sikio.

"Shangaa, mwanangu," akasema bila kugeuka.

Nakijwa hakuwa ameiona bahari maishani mwake. Aliitazama, akaitazama tena, kisha akasema, "Sasa ng'ambo ya haya maji yote anakaa nani?"

"Hapa hatuulizi, tunashangaa. Wenzako huvuta pumzi, wengine huweka mkono kifuani, na wale wenye vipaji hulia kidogo. Jaribu tena."

Nakijwa akajikaza akatoa "lo" moja nyembamba. Bi Mahadhi akainamisha sikio, akaupima ule mshangao, akatikisa kichwa. "Hafifu," akasema, wala si kwa ubaya. "Ila umetoka mbali, nitakupitisha. Utakaa safu ya nyuma." Kisha akashusha sauti. "Usivunjike moyo. Mimi mara yangu ya kwanza nilipiga chafya."

Basi akaingia. Ufuo wote wa Ukodoni umepangwa viti, safu baada ya safu, vyote vimechimbiwa ardhini na vyote vimeelekezwa majini. Sheria zake hazina urefu. Ni marufuku kuipa bahari kisogo, na ni marufuku kulowa. Sheria ya kisogo chanzo chake ni heshima. Hii ya kulowa ilitungwa baada ya mwandishi mmoja mkubwa wa kale kuingia majini na kazi yake mkononi, kazi ikaenda na maji. Wakubwa walikutana wakajadiliana sana. Badala ya kukataza karatasi zisiingie baharini, wakakataza watu. Kwa hiyo waandishi wa nchi ile wote huandika habari za mawimbi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulowa kifundo cha mguu.

Jioni wakirudi makwao hurudi kinyumenyume, wakipapasa njia kwa visigino, mpaka waingie milangoni. Nyumba zao madirisha ni ya upande wa bahari tu. Wanajikwaa, wanaombana radhi, wanapakana dawa migongoni, na kwa kweli ni watu wapole kupita kiasi. Nakijwa aliwapenda tangu siku ya kwanza, na hilo nalo lilimtia wasiwasi, kwani ni vigumu kuukimbia upumbavu wa mtu anayekukaribisha chakula.

Jirani yake wa kiti aliitwa Bwana Nahau, mwandishi mkongwe wa safu ya nyuma, mkarimu wa karanga na wa maneno. "Mawimbi yanabusu ufuo," alimwambia walipojuana tu. "Hilo ni langu, lakini litumie, usione haya. Kila mtu hapa analitumia."

"Ahsante, kaka. Na jua la hapa linazama wapi?"

"Baharini. Soma kitabu chochote."

"Mbona asubuhi nimeliona likitoka huko huko?"

Bwana Nahau alitafuna karanga kwa muda. "Kutoka ni kitu kimoja," akasema, "na kuzama ni kitu kingine. Usiyachanganye." Kisha akamwongezea karanga, kama mtu aliyeona kwamba mgeni ana njaa.

Siku zikapita. Nakijwa aliitazama bahari kama alivyoagizwa, shingo ikamkakamaa, na karatasi yake ikabaki nyeupe. Mchana mmoja akasikia wenzake wakikohoa kikohozi cha adabu, ishara kwamba anakuja mkubwa. Alikuwa Bwana Tamati, Mkuu wa Miisho, kanzu imepigwa pasi, mwavuli mkononi, anatembea kimbavumbavu ili asiinyime bahari uso.

Hapa lazima nieleze. Ukodoni hawapendi kitu kiachwe nusu. Msimu wa viti ukifungwa, kila kitabu ambacho hakijakwisha huchukuliwa na Ofisi ya Miisho, nayo hukimalizia. Na ofisi ile ina mwisho mmoja tu: mtu anasimama ufuoni, jua linazama baharini. Kitabu cha vita kiliishia hapo. Kitabu cha mbuzi wa nchi kavu kiliishia hapo, mbuzi akiwa wa kwanza kufika ufuoni. Hata kitabu kimoja cha mapishi ya pilau kilimaliziwa vile: baada ya kukaanga vitunguu, mpishi anaweka mwiko chini, anakwenda kutazama machweo, na pilau hatuisikii tena. Na mwisho wa Bwana Tamati ukishawekwa hauondolewi. Unauchukua, unakwenda nao kwenu, ndio huo.

"Binti," akasema kwa huruma ya kweli, "nasikia una mwanamke na chungu. Usijitese. Msimu unafungwa kesho jioni, niachie mimi. Anafika ufuoni, jua linazama baharini, na kwa uzuri wake anakisahau chungu. Mtu hawezi kusoma hapo asilie."

"Anakisahau?" Nakijwa akauliza.

"Kabisa. Machweo husahaulisha."

Akapita zake kimbavumbavu.  Nakijwa alijiona amekaa kando ya kitanda kile jikoni, anamsomea mama yake kwamba mwanamke alikisahau chungu. Akaona uso wa mama ukisikiliza. Akasema moyoni, bora niende mikono mitupu kuliko kumpelekea neno hilo. Lakini mikono mitupu ndiyo iliyokuwa imemtoa kwao.

Kesho yake akakaa tena. Asubuhi ikaenda, adhuhuri ikaenda, hakuna neno. Alasiri, kwa kukata tamaa zaidi kuliko kwa ujasiri, likamjia wazo la kijinga. Mwanamke wa ngano alitoka kutafuta chumvi. Watu husema bahari ina chumvi. Yeye Nakijwa ameitazama siku zote hizi na hajaionja.

Akavua makubazi.

"Dada," Bwana Nahau akasema polepole, "miguu."

"Narudi sasa hivi, kaka," akajibu, na maneno yale yakampita bila yeye kuyasikia.

Akapita katikati ya safu, watu wakifumba macho kwa aibu. Maji yakamshika vidole, yakamshika magoti. Alitarajia baridi, yakawa vuguvugu. Akachota akaonja, akatema, akaonja tena. Halafu likaja wimbi ambalo halikumbusu mtu, likampiga kofi la kifua likamkalisha chini, kanga ikaelea, na Nakijwa akaibuka anakohoa na kucheka. Alicheka kama hajacheka tangu mama aumwe. Akasogea mbele hadi maji yakamfika mabegani, akaachia miguu, bahari ikamnyanyua na kumteremsha, ikamnyanyua na kumteremsha. Akasahau kitabu. Akamsahau Bwana Tamati na mwavuli wake. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi hakuwa akitafuta kitu.

Wimbi jingine likamgeuza. Na alipofuta macho akajikuta anatazama nchi kavu.

Aliona viti vyote na watu wote usoni, wamekodoa, wazuri na wa kuchekesha, karanga za Bwana Nahau zimemwagika mapajani. Nyuma yao aliona mapaa. Na nyuma ya mapaa, mbali, buluu kwa umbali, aliona milima. Milima ya kwao. Alizaliwa humo, akalelewa humo, na hakuwahi kuiona yote kwa pamoja hata siku moja. Jua lilikuwa limeiinamia, na kwenye bega la mlima mmoja palikuwa na uzi wa moshi.

Hapo ndipo alipolia, na maji ya chumvi yakaingiana na maji ya chumvi. Maana alikuwa amemfuata yule mwanamke wa ngano kila alikokwenda, porini, sokoni, hadi kwa mfalme, na hakuwahi hata mara moja kugeuka kumtazama mwingine. Yule aliyeambiwa, "Nitazamie chungu." Kama chungu bado kiko motoni, basi kuna mtu anayechochea kuni.

Ufuoni mgambo walikuwa wamefika. Hawakuweza kumkamata bila kulowa, kwa hiyo wakasimama pembeni ya maji wakamsomea mashtaka kwa sauti, na kila wimbi lilipokuja walirudi nyuma wakaanza upya. Nakijwa akawaonea huruma, akatoka mwenyewe.

Baraza likakutana pale pale, wajumbe wamekaa vitini, mshtakiwa anachuruzika maji mbele yao. Kosa la kulowa halikuhitaji ushahidi. Lililoleta ubishi ni la kisogo. Mjumbe mmoja alisema mwanamke huyu aliipa bahari kisogo waziwazi. Mwingine akasema, haiwezekani, alikuwa ndani yake, na aliye ndani ya bahari ana bahari mbele, nyuma na kwapani. Wa tatu akauliza kama kwapa lina heshima au halina. Waliliendea hilo kwa kina, hadi Bwana Tamati akagonga mwavuli chini.

"Jua linakwenda," akasema, "na msimu unakwisha nalo. Nauliza moja tu. Binti, kitabu chako kina mwisho, au nikitie?"

"Kina mwisho," Nakijwa akasema. Alisema hivyo na hakuwa ameandika hata neno.

"Tuusikie. Kina machweo?"

"Yamo."

Minong'ono ikapita vitini, ya kuridhika. Nakijwa akakamua upindo wa kanga na kuanza kusema. Alisema mwanamke yule alifika baharini, akaingia kuchukua chumvi, akiwa ndani akageuka. Akaona jua linazama nyuma ya mlima wa kwao, na chini ya jua moshi wa jikoni kwake. Akajua kwamba mama yake hajalala. Kila asubuhi alikuwa ameongeza maji, na kila jioni kuni, na majirani walipomwambia akiepue akawajibu, "Amesema anarudi sasa hivi." Mwanamke hakuijaza hata ile kata aliyokuja nayo. Alitoka mbio na chumvi iliyokuwa mwilini mwake.

 Kisha Bwana Tamati akasema, na kwa mara ya kwanza upole ulikuwa umempungua, "Ni mwisho mzuri, ila ni wa uongo. Jua halizami milimani."

"Bwana mkubwa," Nakijwa akasema, "liko nyuma yako sasa hivi."

Hakuna aliyetikisika. Vivuli vyao vilikuwa vimelala mbele yao, virefu, vinagusa maji, kama vilivyolala kila jioni ya maisha yao, na wote wakawa wanavitazama. Sheria ni sheria. Lakini Bi Mahadhi, ambaye alikuwa ameteremka toka mpakani kuja kuona mtu wake wa mshangao hafifu amefanya nini, alikuwa amepokea mishangao ya watu maisha yake yote na wake mwenyewe hakuwahi kuutoa. Akageuka.

Akavuta pumzi. Wote waliisikia. Ilikuwa ndefu, na alisahau kuipima.

Bwana Nahau akafuata, shingo ikalia kama bawaba. Kisha wa kando yake, kisha safu nzima, wajumbe nao, hata mgambo. Anga la milimani lilikuwa limeiva, na jua lilikuwa likiingia taratibu nyuma ya mlima, bila wimbi hata moja. Bwana Tamati aligeuka wa mwisho. Alisimama ameegemea mwavuli hadi jua likaisha lote, na alipozungumza hakuwa akizungumza na mtu.

"Nimelizamisha maisha yangu yote," akasema, "na ndiyo kwanza nalitazama."

Akamgeukia Nakijwa akataka kusema neno la kiofisi, akalikosa. "Nenda, mwanangu," akasema. "Chungu kisije kikakauka."

Bwana Nahau alimsindikiza hadi pale njia inapokunja. Alikwenda uso mbele, kwa mashaka, kama mtoto anayejifunza, na mkononi ameshika makubazi yake, kwani alikuwa amepitia majini kwanza. "Dada," akasema wakati wa kuagana, "yale mawimbi. Hayabusu kabisa, eti?"

"Hayabusu, kaka."

"Nitatafuta neno jingine," akasema, na alionekana kijana.

Nakijwa aliandika njiani, kila alipopumzika, akaandika bila kufuta. Kanga hakuifua. Ilikauka mwilini ikawa ngumu, upindo umepauka kwa chumvi, na njia nzima aliogopa jambo moja tu, kwamba atafika akute mlango uko wazi na watu wamekaa nje.

Mlango ulikuwa umefungwa, na moshi ulikuwa ukitoka paani. Akaingia jikoni. Bi Namsifu alikuwa kitandani, amekonda zaidi, uso ameuelekeza motoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Soma."

Hakuuliza habari za njia, wala Nakijwa hakujieleza. Akakaa kando ya kitanda akasoma, kuanzia makande yalipotelekwa hadi mwanamke alipotoka majini mbio. Alipofika pale majirani wanaposema kiepuliwe, mama alimshika mkono, na hakumwachia tena. 

"Kumbe ngano ilikuwa ya yule aliyebaki," mama akasema kusoma kulipokwisha. "Ndiyo maana bibi yako alikuwa anajifunika: anayengoja hana mwisho wa kusimulia." Akapangusa macho kwa shuka. "Na chumvi?"

Nakijwa akavuta upindo wa kanga, akauweka kwenye midomo ya mama. Bi Namsifu akaulamba, akafumba macho, akalamba tena.

"Kali," akasema. "Haya, itie basi."

Nakijwa akageuka. Juu ya mafiga palikuwa na chungu, kimefunikwa, kinachemka kwa moto mdogo, na kuni zilikuwa zimerundikwa pale pale ambapo mkono wa mgonjwa ungeweza kuzifikia. Akafunua. Yalikuwa makande.

"Usiyaongeze maji mengine," mama akasema toka kitandani. "Nimeyaongeza asubuhi."